Je, theluji itatukwamisha Japani? Jibu kwa mama anayekwenda kumtembelea mwanawe Nagoya

*"Mwanetu anasoma chuo kikuu Nagoya na ametuomba twende kumtembelea, mimi na baba yake. Mimi nina miaka 58, mzee ana 67. Ana presha, anameza dawa kila siku, na goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi nyingi. Tunafika Tokyo tarehe 24 Januari, tunalala usiku tisa. Mtoto ametupangia hivi: Tokyo siku mbili, Nagano kuona nyani wanaooga maji moto, Kanazawa, halafu basi hadi kijiji cha Shirakawa-go na Takayama, Nagoya kwake siku mbili, Kyoto siku mbili, na asubuhi ya mwisho treni ya mwendokasi kutoka Kyoto hadi Tokyo tukapande ndege jioni. Hatujawahi kuona theluji maishani. Nimeangalia video za magari yaliyofukiwa barabarani, usingizi umeniruka. Shemeji yangu anasema treni za Japani hazichelewi hata dakika, kwa hiyo tuachane na mabasi kabisa na tununue ile pasi ya reli kwa wote watatu. Twende, au tungoje baridi yao iishe? Na mzee aingie kwenye yale maji moto?"*

Shikamoo mama. Nendeni.

Nimeanza na hilo ili usingizi urudi kwanza. Nimekuwa nikisindikiza wageni kwenye njia hiyohiyo majira ya baridi, wengi wao watu wazima wa kutoka kwetu ambao theluji waliijua ya kwenye friji tu, na wote wamerudi na miguu yao miwili. Lakini katika barua yako, kilichonikunja uso si basi la Shirakawa-go. Ni ile asubuhi ya mwisho, Kyoto hadi Tokyo na ndege jioni. Wewe unaogopa kipande ambacho wenyeji wamejiandaa nacho vizuri, na umekiamini kipande chenye hatari ndogo ambayo ikitokea itakugharimu tiketi ya ndege. Nikueleze kwa nini, maana ukishaelewa theluji ya Japani inatoka wapi, mpango mzima utajipanga wenyewe.

Majira ya baridi, hewa nzito, kavu na baridi kali hukaa juu ya Siberia na kusukumwa kuelekea kusini. Sisi watu wa pwani si wageni nayo: kaskazi yetu, ule upepo uliokuwa ukileta majahazi Zanzibar kutoka Uarabuni na Bara Hindi, nayo inatokana na baridi hiyo inayotanda Asia. Tofauti ni kwamba huko Japani upepo huo unavuka bahari ambayo maji yake yana joto kuliko hewa inayopita juu yake. Bahari inafuka mvuke kama sufuria, upepo unaubeba, unagonga milima iliyopita katikati ya nchi kama uti wa mgongo, unapanda, unapoa, na kuumwaga mzigo wote upande huohuo kama theluji. Ukishavuka milima unakuwa mkavu. Ni kama Usambara: upande unaotazama bahari una misitu na ukungu, ukizunguka nyuma kuelekea Same unakuta vumbi na miiba.

Kwa hiyo "Japani wakati wa baridi" ni nchi mbili. Tokyo na Nagoya mwezi Januari kwa kawaida kuna jua, mbingu safi kabisa bila wingu, na hewa kavu inayopasua midomo. Mchana joto ni kama nyuzi 10, alfajiri linakaribia sifuri. Huenda mkakaa Tokyo siku zote mbili bila kuona hata chembe ya theluji. Kanazawa na Shirakawa-go ziko upande wa pili, na Takayama iko juu milimani katikati. Mtaiona nchi ikibadilika mkiwa mmekaa kitini. Treni ikishatoka Nagano na kupita Iiyama inaingia kwenye handaki la kilomita 22, na mara nyingi ukitoka mdomo wa pili, Joetsu-Myoko, paa za nyumba zimebeba theluji nene kama godoro. Mwambie mzee asisinzie hapo.

Sasa la shemeji. Ana ukweli nusu. Treni za mwendokasi za Japani zinatunza muda kuliko karibu treni zozote duniani, lakini kila njia ilijengwa enzi yake, na theluji inazijua tofauti zao.

Njia ya Hokuriku, ile mtakayopanda kutoka Tokyo kupitia Nagano hadi Kanazawa, ni ya juzijuzi: ilifika Nagano 1997, Kanazawa 2015, na Tsuruga Machi 2024. Waliijenga wakijua inapita kwenye theluji nyingi. Sehemu kubwa ni zege lililoinuliwa juu ya nguzo au mahandaki, kuna mabomba ya kunyunyizia maji ya vuguvugu pale panapojaa sana, na kuna nafasi pembeni ya reli ya kuisukumia theluji. Nje dhoruba, ndani watu wanakula mikate yao.

Njia ya Tokaido, inayounganisha Tokyo, Nagoya, Kyoto na Osaka, ndiyo ya kwanza kabisa. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964. Karibu yote inapita upande wenye jua, isipokuwa sehemu moja kati ya stesheni za Gifu-Hashima na Maibara, mahali paitwapo Sekigahara. Hapo milima ina pengo, na mawingu ya theluji ya upande wa pili hupenya kama upepo unavyopenya mlango uliobaki wazi. Mlima Ibuki, unaoonekana kutoka dirishani upande wa kaskazini, ndiko kituo cha hali ya hewa kilikopima theluji yenye kina cha mita 11.82 mwezi Februari 1927, na rekodi hiyo haijavunjwa.

Tatizo la hapo si theluji kuziba reli. Njia hiyo ya zamani imelala juu ya kokoto na matuta ya udongo. Treni ikipita kasi inatimua theluji, theluji inaganda chini ya mabehewa na kuwa mabonge ya barafu. Treni ikifika mbele kwenye joto kidogo, bonge linadondoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa, linapiga kokoto, kokoto zinaruka na kuvunja vifaa vya chini au vioo. Ndiyo maana wanapunguza mwendo. Wananyunyiza maji pia ili theluji ilowe isipeperuke, ila kidogo tu, kwa sababu ukimwagilia sana tuta la udongo linalegea. Kwenye zege la Hokuriku unamwaga unavyotaka.

Matokeo yake ni kichekesho: njia inayopita kwenye theluji ya kumfukia mtu ndiyo isiyoyumba, na njia ya jua ndiyo inayochelewa. Mara nyingi ni dakika kumi au ishirini. Lakini mwaka mmoja nilikuwa na wageni sita tukitoka Kyoto, tukatambaa tangu Maibara, na Nagoya treni ikasimama kuliko kawaida. Nikatazama nje nikaona wafanyakazi wenye kofia ngumu wameingia chini kabisa, usawa wa magurudumu, wanapiga barafu kwa mipira ya maji yenye nguvu. Tulifika Tokyo tumechelewa zaidi ya saa moja. Hatukuwa na ndege siku hiyo, kwa hiyo ikawa hadithi. Kwenu ingekuwa kilio, maana Tokyo stesheni si uwanja wa ndege. Kwenda uwanja wa ndege wa Narita ongeza kama saa nzima ya treni nyingine, pamoja na kutafuta mlango wake.

Ningekuwa mimi, ningeibadilisha safari hivi. Tokyo usiku wa tarehe 24 na 25, Nagano 26, Kanazawa 27, Takayama 28, yote kama alivyopanga kijana. Kisha Nagoya usiku tatu badala ya mbili, na Kyoto msiende kulala. Kutoka Nagoya ni kama dakika 35 kwa treni ya mwendokasi. Mnaamka, kijana anaangalia hali ya hewa, siku iliyo nzuri kati ya hizo mnakwenda Kyoto asubuhi na kurudi jioni, mikono mitupu, mizigo imebaki chumbani. Halafu tarehe 1 Februari mnarudi Tokyo na kulala huko, ndege tarehe 2. Nagoya iko upande wa mashariki wa lile pengo, kwa hiyo siku ya kurudi Tokyo hamna haja ya kuvuka Sekigahara tena. Ndiyo, Kyoto mnaipunguza, na najua watu watakuuliza "hivi mlienda Kyoto siku moja tu?" Mtapata siku nyingi zaidi na mtoto, na nadhani ndiyo mliyoifuata.

Hizo usiku tatu za Nagoya zina kazi nyingine ya siri. Ni mto wa kuegemea. Milimani mambo yakiharibika siku moja, unaukata usiku mmoja wa Nagoya na safari nzima haisogei.

Tuje kwenye mabasi, maana video ulizoziona si za uongo. Desemba 2020 theluji ilishuka ghafla, zaidi ya magari 2,000 yakakwama kwenye barabara kuu ya Kan-Etsu upande wa Niigata, watu wakalala humo. Lakini siku hizi utaratibu ni kuzifunga barabara kuu mapema, kabla magari hayajakwama, mara nyingi kwa kutangaza tangu jana yake. Kwa msafiri hii ina maana hatari yako kubwa si kufukiwa barabarani, ni kufika kituo cha basi Kanazawa na kuambiwa leo hakuna basi. Inaudhi, lakini umeambiwa ukiwa kwenye stesheni yenye joto na chai.

Mabasi yenyewe hufunga matairi maalumu ya theluji tangu mwanzo wa msimu na hubeba minyororo. Dereva akiona kibao cha kilomita 50 kwa saa anakwenda 50, hakuna kupimana ubavu na mwenzake. Na barabara hiyo haining'inii kwenye magenge kama unavyodhani. Sehemu kubwa ni mahandaki. Lile la Hida peke yake lina karibu kilomita 11. Mtakaa humo gizani mkisikia mvumo wa injini tu, kisha mnatoka kwenye weupe, kisha gizani tena. Kutoka Kanazawa hadi Shirakawa-go ni saa moja na robo hivi, na kutoka hapo hadi Takayama ni kama dakika 50.

Basi likifutwa, nauli inarudishwa, lakini hawakutafutii njia nyingine. Hiyo njia mnayo mkononi tayari: kutoka Kanazawa mnapanda treni ya mwendokasi hadi Toyama, kama dakika 20 na ushee, kisha treni ya Hida inayopanda milimani hadi Takayama kwa saa moja na nusu. Treni hizo za Toyama kwenda Takayama ni chache kwa siku, kwa hiyo kijana aandike saa zake kwenye karatasi tangu mapema. Shirakawa-go mtaikosa, au mtaijaribu kesho yake kwa basi la kutoka Takayama kwenda na kurudi. Theluji ikiwa kali mno, hata hiyo treni husimama. Hapo kaeni hotelini, kuleni, laleni. Msimwombe mtu yeyote awape lifti ya gari dogo.

Kuiacha Shirakawa-go kabisa, kama anavyotaka shemeji, nisingekushauri. Zile nyumba zilizoezekwa kwa nyasi nene zenye paa zilizosimama kama viganja vilivyokutanishwa vya mtu anayesali zilijengwa kwa ajili ya uzito wa theluji. Kuziona wakati wa jua kali ni kama kuona jahazi pwani maji yametoka. Jambo moja tu: picha za usiku zenye taa ni za siku chache maalumu za Januari na Februari, na huingii bila nafasi uliyoomba miezi kabla. Nyie mnapita mchana. Inatosha.

Kuhusu pasi ya reli, hapa nampinga shemeji moja kwa moja. Kwanza mtoto hawezi kuinunua. Pasi ya nchi nzima ni ya wageni walioingia kwa kibali cha utalii cha muda mfupi, na mwenye kibali cha mwanafunzi hahesabiwi. Pili, ushauri wa "nunua pasi" ni wa zamani. Oktoba 2023 pasi ya siku saba ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Piga hesabu ya safari yenu kwa tiketi za kawaida, kwa kukadiria: Tokyo hadi Nagano yen 8,500, Nagano hadi Kanazawa 9,000, Takayama hadi Nagoya 6,000 na ushee, Nagoya hadi Kyoto na kurudi kama 12,000, Nagoya hadi Tokyo 11,000 na ushee. Hiyo ni kama 47,000. Mabasi ya Kanazawa hadi Takayama hayamo kwenye pasi, utayalipia vyovyote vile. Na ile treni ya haraka zaidi ya njia ya Tokaido, Nozomi, mwenye pasi huongezewa malipo. Tena kutoka tarehe 26 Januari mnapoondoka Tokyo hadi 1 Februari mnaporudi ni siku saba kamili, hakuna ya ziada. Mnalipa zaidi ili mfungwe kamba. Zipo pasi ndogo za maeneo, mojawapo inaunganisha Nagoya, Takayama, Shirakawa-go na Kanazawa pamoja na basi lake. Kijana aulize bei ya siku hiyo kwenye dirisha la tiketi na kuilinganisha, lakini msianze na pasi kisha mkaitafutia safari.

Na mkiwa na tiketi za kawaida hampotezi haki. Treni ya mwendokasi ikichelewa saa mbili au zaidi, ile sehemu ya malipo ya mwendokasi hurudishwa. Ikifutwa kabisa, unarudishiwa safari ambayo hukusafiri. Msibishane na mtu getini. Nendeni dirishani na tiketi zenu, na msizitupe.

Mizigo ndiyo itakayomwumiza mzee kuliko theluji. Kuburuta sanduku la kilo 23 kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka ni kama kuburuta mkokoteni kwenye mchanga wa bichi, na goti lile halitakubali. Asubuhi ya kuondoka Tokyo, waambieni mapokezi ya hoteli wawatumie masanduku moja kwa moja hadi hoteli ya Nagoya. Wanaiita *takuhaibin*. Wao wanajaza fomu, unalipa kama yen 2,000 hadi 3,000 kwa sanduku, na linafika kesho yake au keshokutwa, linawangoja. Nyie mnakwenda milimani na begi dogo la mgongoni la nguo za siku tatu. Dawa za mzee zisiingie kabisa kwenye sanduku linalotumwa. Zikae mwilini mwake, na wewe beba za siku tatu kwenye pochi yako.

Kuhusu mavazi, wageni wangu wengi hukosea mahali palepale: wanatafuta koti kubwa kuliko yote Kariakoo, wanasahau miguu. Ndani ya treni na mabasi kuna joto, hita ziko chini ya viti zinachoma vigimbi vya miguu, na mtu aliyevaa koti la dubu anatoka jasho, kisha anashuka nje na jasho lake na kutetemeka. Vaeni tabaka: fulana nyembamba isiyo ya pamba, sweta, jaketi lisilopitisha upepo, kofia ya kufunika masikio. Pamba ikilowa jasho haikauki.

Ila miguu! Theluji ya Kanazawa si ile kavu ya kupeperuka. Ni nzito, imelowa, inakaa kwenye nyuzi sifuri hapo. Katika miji mingi ya upande huo wamefukia mabomba katikati ya barabara yanayorusha maji ya chini ya ardhi, yenye joto kama la kisima, ili theluji iyeyuke. Utayaona: matundu madogo yamejipanga kwenye lami, yanatema maji kama chemchemi za watoto, na barabara imegeuka rangi ya kutu kwa chuma kilicho kwenye maji hayo. Gari linapita vizuri. Wewe unayevuka na raba za kitambaa, unaingiza mguu kwenye dimbwi la uji wa barafu hadi kifundoni. Nunueni viatu vya kufunika kifundo, visivyopitisha maji, vyenye soli laini yenye makucha, na mvivae nyumbani wiki mbili kabla. Madukani huko wanauza mipira yenye meno madogo ya chuma ya kuvalisha juu ya kiatu ili kisiteleze. Mzee anunue Nagano siku ya kwanza. Mkifika hotelini jazeni magazeti ndani ya viatu, asubuhi vitakuwa vikavu.

Kutembea nako kuna namna yake. Hatua fupi, mguu mzima unashuka kwa pamoja, mikono nje ya mifuko. Hatari si theluji laini, ni pale ilipokanyagwa na wengi ikawa kioo: vivuko vya barabara, ngazi za hekalu, mlango wa duka. Njia ya nyani ya Jigokudani ni kama kilomita 1.6 ndani ya msitu, haipandi sana, lakini imekanyagwa hivyohivyo. Mzee akiona goti halimpi amani, abaki kwenye mkahawa mwanzoni mwa njia. Nyani ni wa porini, siku nyingine hata wao hawaji.

Basi la kawaida la mjini mtalikuta tofauti na daladala. Kwa mengi ya mikoani mnaingia mlango wa nyuma, mnachomoa kikaratasi chenye namba kwenye kimashine, mnakaa. Mbele juu ya dereva kuna ubao wa namba, na chini ya kila namba nauli inapanda kadiri basi linavyokwenda. Mkishuka mnatazama namba yenu, mnadondosha kikaratasi na sarafu kamili kwenye sanduku karibu na dereva. Kama una noti ya yen 1,000, sanduku lenyewe linakuvunjia sarafu, ila fanya hivyo basi likiwa limesimama kwenye taa, si wakati watu kumi wanakungoja nyuma. Hakuna konda wa kukugongea bati.

Sasa mzee na maji moto. Nisikujibu kama daktari, maana mimi si daktari, lakini nimeona ya kutosha kujua kwamba swali lako ni la msingi. Chumba cha kuvulia nguo mara nyingi kina baridi. Mwili ukivuliwa, mishipa inajikaza, presha inapanda. Anaingia kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 42, mishipa inafunguka, presha inashuka ghafla. Akisimama haraka kutoka majini, damu haijafika kichwani, anaona giza. Wajapani wenyewe wanaogopa jambo hili kwa wazee wao kila majira ya baridi.

Kwa hiyo kabla ya safari aende kwa daktari wake Dar, apimwe, aulize waziwazi kuhusu maji moto na kuhusu baridi. Kama presha haijatulia, au amewahi kupata kiharusi au maumivu ya kifua, asiingie. Akiruhusiwa: ajimwagie maji kwa ndoo kuanzia miguuni, maji yaishie kifuani, dakika zisizidi kumi, atoke polepole ameshika ukuta, mtoto awe naye, kwa sababu wewe utakuwa upande wa wanawake. Bila daktari kumruhusu kuna bafu za miguu tu, zinaitwa *ashiyu*, katika miji mingi ya maji moto. Mnakaa na nguo zenu zote, suruali imekunjwa magotini, theluji inawaangukia mabegani na miguu iko kwenye mvuke. Kwa maoni yangu ni tamu kuliko kuingia mzima.

Dawa zake zikae kwenye maboksi yake na nakala ya cheti cha daktari kwa Kiingereza. Za siku kumi hazina shida. Zinazozidi mwezi mmoja ndizo zinazohitaji kibali cha mapema. Ila kagueni dawa za mafua mnazobeba kwa mazoea: zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10 ni marufuku kuingiza Japani, hata kama kwetu zinauzwa duka la jirani, na zenye kodeini zina masharti yake. Kateni bima ya safari yenye matibabu kwa wote wawili, maana hospitali inaweza kutaka malipo hapohapo.

Mkiwa huko, yapo mambo ya kutongoja mtoto wala ushauri wangu. Maumivu ya kifua, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kuvurugika, kichwa kuuma ghafla kuliko kawaida: pigeni 119, ndiyo namba ya gari la wagonjwa. Mzee akianguka na kugonga kichwa, na dawa zake zina ile ya kufanya damu isigande, aende hospitali hata kama anacheka na kusema yuko salama. Kifundo cha mkono kikivimba baada ya kuteleza, kipigwe picha siku hiyohiyo. Kwa mambo madogo ya kupotea au kutoelewana lugha, shirika la utalii la Japani lina simu ya saa 24 inayojibu kwa Kiingereza, 050-3816-2787. Iandikeni kwenye karatasi, simu huishiwa chaji haraka kwenye baridi.

La mwisho ni la kijana. Viti vya treni hizi hufunguliwa kuuzwa mwezi mmoja kabla, saa nne kamili asubuhi kwa saa za Japani, na basi la Kanazawa nalo linataka nafasi iliyowekwa mapema. Kwa hiyo cha tarehe 26 Januari kinafunguliwa tarehe 26 Desemba. Kwetu hapo ni saa kumi alfajiri. Mwachieni yeye ashughulike, nyie laleni.